Aliyetoka Pangoni

Detlef alitoka pangoni akiwa amelowa mpaka magotini, ilhali wageni waliomtangulia walitoka na vumbi viatuni.

"Umelowa wapi?" mkewe, Roswitha, akamuuliza.

"Sijalowa." Harufu ya tope la ziwa ikamfuata.

Ilikuwa adhuhuri ya Jumapili, katika bustani ya kale yenye ziwa, kando ya mto Elbe. Mwanamfalme aliyeijenga hakuamini mizimu, aliamini akili ya mwanadamu. Alichimba pango lile makusudi, wageni wapapase gizani kisha watokee kwenye nuru mbele ya hekalu jeupe, wajue kwamba hofu ni ujinga tu.

Roswitha hakuwa na hakika na mtu huyu. Sikio la kushoto la mumewe lilikufa zamani, kiwandani. Akamsogelea upande huo, akanong'ona, "Mama yako aliitwa nani?"

"Irmgard," akajibu papo hapo, bila kugeuka. "Unanipima, Rosi?"

Roswitha akajitenga naye hatua moja. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Detlef hajawahi kumwita Rosi.

Bibi Ortrud, mtunza bustani, aliacha kufagia majani akamvuta kando. "Mama, huyo ni mumeo kweli?"

"Sijui."

"Basi usimuulize kitu tena. Humo mna jini. Mumeo bado yumo. Ingia, mwite kwa jina lake kamili, na ukimshika usimwachie."

"Na huyu je?"

"Huyu niachie mimi na ufagio wangu. Nenda!"

Roswitha akaingia, akipapasa ukuta uliotoa jasho la baridi, akiita "Detlef Wilhelm Kuhnert!" huku nyayo zisizo zake zikimfuata, zikisimama aliposimama, zikienda alipokwenda, na pumzi yenye harufu ya tope ikimpiga shingoni, hata asijue tena mlango ulikokuwa, ndipo mkono wa mtu ukamdaka naye akaung'ang'ania, wakakokotana mpaka nje.

"Ulikuwa wapi, mwanamke? Nimekuita mpaka koo limekauka!"

Alikuwa Detlef, mkavu, analia kama mtoto. Penye hekalu Bibi Ortrud alisimama peke yake na ufagio wake. "Ameyeyuka," alisema. "Machoni pangu hivi."

Mume na mke wakakumbatiana, wakashikana mikono waende zao.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka pangoni, imekwaruza kwa kilio. "Detlef! Usiende naye! Mimi bado nimo humu!"

Ilikuwa sauti ya Roswitha.

Roswitha akageuka kumtazama mumewe. Detlef alikuwa ameshauchomoa mkono wake, anarudi nyuma hatua kwa hatua, kuelekea pangoni.