Pande la Barafu Kisimani

Masalkheri nyote mliojaa hapa barazani. Sogeeni, bananeni, na huyo anayetwanga buni auweke mchi chini mpaka nimalize. Mwenye kukohoa akohoe sasa. Nikishaanza, nataka nisikie pumzi zenu tu.

Lilianza na kanga iliyokataa kukauka.

Jua la Maskati mnalijua. Ukianika nguo ya tatu, ya kwanza ishakakamaa kama papa mkavu. Bi Bakhita alianika kanga yake uwani saa tano za mchana, akaenda kuianua baada ya sala ya alasiri, akaikuta inadondosha maji. Tena maji ya baridi. Akaikamua, akaianika tena. Jua linataka kuzama, akaigusa: vile vile. Na ilikuwa na harufu aliyoisaka kichwani mpaka akaipata, harufu ya kaa la moto lililozimwa kwa maji.

"Nasriya! Umeimwagia maji kanga yangu?"

"Mama, mie nimerudi kazini sasa hivi. Nna kichaa nimwagie maji nguo iliyoanikwa?"

Bi Bakhita akayaacha. Kichwa chake chote kilikuwa kwenye safari.

Safari yenyewe ndiyo hii. Mapinduzi ya Unguja yalimkuta Bi Bakhita ana watoto wawili. Mkubwa, Mahfoudh, alikuwa keshakwenda kusoma Poland, Ulaya huko kwenye baridi, miezi mitatu nyuma. Mdogo, Nasriya, alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yao alitoka siku ile kwenda kutazama duka, hakurudi. Mama na binti wakahangaika Dubai miaka sita. Mwaka wa sabini, nchi ya Oman ilipofunguliwa, wakaingia Maskati, wakapanga nyumba kongwe nje ya Lango Kubwa, yenye kisima kikavu uwani. Nasriya akapata kazi ya kupiga taipu katika ofisi mpya ya serikali. Pasi zikatoka. Na Mahfoudh akaandika: njooni.

Kuna mji mdogo wa milimani, aliandika, unaitwa Zakopane, watu wanakwenda kupumzika. Nimepata chumba kwa wiki mbili, baada ya Idi. Kuna farasi wanaovuta magari yasiyo na magurudumu juu ya theluji. Kuna jibini linalokaushwa kwa moshi. Kuna na mlima, mama, ukiutazama kwa mbali utasema mtu kalala chali.

Barua hiyo Bi Bakhita aliisoma mwenyewe. Kur'ani alihitimu utotoni, lakini herufi hizi za kizungu alifundishwa na Nasriya kule Dubai, mvi zishaingia, kidole chini ya neno, silabi moja moja. Alipofika mwisho alilia, kisha akaianza upya. Miaka saba hajamtia mwanawe machoni. Haja nyingine duniani hakuwa nayo.

Jirani yake, Bi Hamdiya, ndiye aliyeleta chokochoko.

"Wewe, shoga yangu? Kwenye theluji? Wewe upepo wa alfajiri tu unakutia mablanketi mawili! Watakurejesha ndani ya gunia kama nguru."

"N'takuonesha, Hamdiya. Wallahi n'takuonesha."

Basi akaagiza pande la barafu kutoka Mutrah, bandari ya jirani, likaja limevikwa gunia na pumba za mbao. Akaliweka uwani, akakaa kitini, miguu juu ya barafu, akawa anajizoeza Poland. Meno yanagongana, Nasriya anacheka mpaka anajishika mbavu. Kesho yake pande jengine. Siku ya tatu vidole vikafa ganzi, akaona leo basi, akalinyanyua lililobaki, akalitumbukiza kisimani, akaenda zake kuswali.

Kanga ilikuwa kesho yake.

Baada ya kanga, jiko. Makaa yakikolea, yanazimika yote kwa pamoja, fuu, kama mtu kayapuliza. Baada ya jiko, sauti. Ilikuja wakati wa kailula, ule mchana ambao Maskati nzima imelala na hata mbwa hatembei. Bi Bakhita alisikia mtu anavuta pumzi kwa meno, ssss, ssss, kama aliyeungua, kisha anabembeleza, halafu anavuta tena. Ilitoka uwani. Alipofungua mlango, jua linawaka na uwani hapana mtu.

"Mama, unasikia?" Nasriya alinong'ona nyuma yake.

"Sisikii kitu. Rudi ukalale."

"Mbona umenishika mkono hivyo?"

Siku ya Jumatano alifungua sanduku la safari atie fulana ya sufi aliyomfumia Mahfoudh. Haimo. Akatafuta vyumbani, akatafuta jikoni, akatoka uwani, akaiona pale chini ya ukuta wa kisima, imekunjwa vizuri, mikono yake imezungushwa na kufungwa fundo kama mtu anavyomfunga mtoto mchanga asipate upepo. Akasema Nasriya huyu na mchezo wake. Akapiga magoti, akalifungua lile fundo, akafunua upande mmoja, akafunua wa pili, na ndani palikuwa na jivu, jivu la majimaji, jeusi, lakini halikumwagika kama jivu linavyomwagika, limekaa kwa umbo, hapa kichwa, hapa kitumbo, hapa vijiguu viwili vimekunjwa, na pale penye kifua alipoweka kidole palikuwa baridi kama lile pande alilokuwa akilikanyaga.

Alipiga ukelele. Nasriya akatoka mbio, akafika, akatazama, akaanguka.

Bi Bakhita akamlaza sebuleni, akisaidiwa na Bi Hamdiya aliyekuja kwa ukelele. Nje watu wanatiririka jasho, msichana ndani anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Midomo imekuwa buluu. Pumzi zake zikitoka unaziona, moshi mweupe, Maskati, mwezi wa kumi.

"Huyu, haya si maradhi," Bi Hamdiya alisema taratibu, na siku hiyo hakuwa na mzaha. "Nakwenda Sidab kumwita Maalim Thani."

Maalim Thani alikuwa mzee mfupi, muuza ndimu kavu, na siku asizouza ndimu akisomea watu. Alifika Alhamisi asubuhi, Alhamisi ya mwisho ya Shaabani. Hakumtazama mgonjwa kwanza. Alikwenda uwani, akachungulia kisimani, akarudi.

"Bi Bakhita, mmemwaga nini mle kisimani?"

"Hatujamwaga kitu, Maalim. Mie mtoto wa watu. Maji ya moto simwagi bila kusema bismillahi, wenyewe tupisheni. Mama yangu alinifunza hivyo, na bibi yangu. Hata maji ya wali nasema."

"Maji ya moto umesema. Na ya baridi?"

"Ya baridi yana nini? Ya baridi nani anasemea?" Mkono ukapanda mdomoni. "Barafu. Nilitupa barafu."

"Ulisema neno?"

"Nani alinifunza barafu, Maalim? Kwetu nani alikuwa na barafu ya kutupa?"

Maalim akakaa chini, akavua kilemba. "Wale majini wameumbwa kwa moto. Maji ya moto yanamchoma mtoto wao, analia, anapona. Barafu, bibi yangu? Barafu inamzima."

Akachoma ubani, akaanza kusoma. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Ikawa Nasriya anakaa, polepole, macho yamefumba, na sauti iliyotoka si yake. Haikuwa ya ukali. Ndilo lililowatisha. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Alikuwa na siku saba," ilisema. "Nilikuwa sijampa jina."

"Toka, bibi," Maalim alisema. "Huyu msichana hana kosa."

"Na wangu alikuwa na kosa gani? Wewe una wawili," na uso wa Nasriya ukamgeukia mama yake, macho bado yamefumba. "Mmoja huyu, nimempakata. Mmoja yuko kwenye baridi. Nipe mmoja."

"Hatutoi mtu!" Maalim akapiga fimbo chini. "Tutakupa haki ya mfiwa. Mtoto azikwe. Aliyemuua akae matanga."

Ile sauti ikajibu: "Siku arobaini. Akae kisimani, awashe moto, usizimike. Amlilie kama aliyemzaa mwenyewe."

Bi Bakhita alihesabu kwa vidole, na kila mtu mle ndani alimwona anahesabu. Arobaini zinapita Ramadhani nzima, zinapita Idi kwa wiki. Ndege yao ilikuwa siku ya tatu ya Idi. Chumba cha milimani hakingoji mtu, na mwezi wa kwanza Mahfoudh ana mitihani. Alimtazama Nasriya, midomo ile, ule moshi unaotoka.

"Nimekubali," alisema.

Nasriya akapiga kite kimoja kirefu na kuanguka. Mlango wa uwani ukajifungua wenyewe, ukagonga ukuta. Msichana akafungua macho, akasema, "Mama, mbona joto hivi?" Na Bi Hamdiya akalia kwa furaha mpaka kanga ikarowa.

Walilizika lile jivu na fulana yake. Ijumaa Bi Bakhita akamwandikia mwanawe kwa mkono wake, herufi kubwa zilizopinda: mwanangu hatuji, dada yako alikuwa anaumwa, Mungu atatukutanisha. Jumamosi akaitia posta mwenyewe. Halafu akakaa kisimani na jiko la makaa. Ramadhani ikaingia. Futari yake pale, daku lake pale. Alilia kweli, maana kila akimlilia mtoto wa yule alikuwa akimlilia na wake, na mwenye kupita asingejua machozi yepi ya nani. Kutoka kisimani hapakuja sauti, wala harufu. Makaa hayakuzimika hata mara moja. Maalim alipita siku ya kumi, akatazama, akasema, "Katoka. Nyumba safi." Akampa kikapu cha ndimu kavu, akenda zake.

Siku ya ishirini na mbili ikaja barua ya Poland.

Nasriya alitaka kuisoma haraka haraka, mama akamnyang'anya. "Yangu hiyo." Akakaa karibu na makaa, akaweka kidole.

Ma-ma m-pe-nzi. Hapo akatabasamu. Juu kabisa palikuwa na tarehe, akaisoma pia, kwa sababu siku hizi alikuwa hapitishi kitu. Ilikuwa tarehe ya ile Jumapili. Yaani siku moja tu baada ya yeye kutia barua posta. Akadhani kakosea namba. Akaendelea.

Barua yako nimeipata leo, mama. Ilikuwa imerowa, lakini nimeisoma yote. Namshukuru huyo bibi uliyemtuma nayo, kanigongea mlango asubuhi, sikuamini, Kiswahili cha kwetu hapa Poland, tena sauti kama ya Nasriya, nikamkumbatia kama ndugu yangu. Ana baridi, mama, sijaona mtu anayetetemeka hivi, nimemweka karibu na jiko, nimempa makoti yangu yote na hapati joto. Hataki nitoke hata mlangoni. Ananitazama sana. Kaniambia alikuwa na mtoto.

Kidole cha Bi Bakhita kilisimama pale muda mrefu, kisha kikasogea, kwa sababu mwenye kusoma silabi moja moja hawezi kuruka akaona mwisho, lazima apite kila neno kwa mguu.

Anasema wewe umemwambia habari ya Zakopane, na kwa kuwa nyinyi hamji, twende mimi na yeye. Nimemwambia theluji tayari imeanza, wewe na baridi yako hiyo utaweza? Kanijibu, siendi kwa ajili yangu. Sikumfahamu, lakini ni mgeni wako, siwezi kumkatalia. Chumba wamekubali kutupa mapema, tusingoje Idi. Tunaondoka kesho kwa treni ya asubuhi.

Chini yake jina. Hapana zaidi.

Nasriya alikuwa jikoni anachuja mchuzi wa futari. Alimsikia mama yake anaita, sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyomtoa mbio.

"Nasriya. Kutoka anaposoma nduguyo mpaka huko milimani, treni inakwenda muda gani?"

"Haitimii kutwa, mama. Kwani vipi? Kasemaje?"

Bi Bakhita aliinama juu ya kisima, akaita ndani, "Bibi?" Akangoja. "Bibi, nipo hapa, nalia, moto unawaka, hebu rudi." Sauti yake ikashuka chini, ikagonga mawe makavu, ikamrudia peke yake.

"Mama!"

"Barua ina siku ishirini," Bi Bakhita alisema.

Nipisheni nivae viatu. Nitarudi, inshaallah, siku nyengine. Leo msinifuate kuniuliza.