Aonje Kwanza Mwenye Kuleta

Siku ya soko, Masisi-centre, Uwamwezi alitua mzigo wake wa maharage mbele ya meza ya chupa za divai, akakutana na macho ya Esdras, mwuzaji. Binti alivaa kitenge cha njano, kijana shati jeupe lililopigwa pasi. Nyuma yao watu wa kijiji cha Kingi walipita na magodoro kichwani, wakikimbia vita. Lakini moyo haungoji amani.

"Dada, onja hii divai. Ni ya bure."

Akaonja, akatema. "Eh! Njo hii munauzishaka wachimbaji wa dhahabu kule Omate? Iko kali sawa dawa ya minyoo!"

"Hiyo ni sec, haina sukari. Anza na hii ya sukari, kidogo kidogo."

Ya sukari aliimaliza, akacheka peke yake. Tangu hapo kila soko alionjeshwa mpya, nyeupe, ya waridi, nyekundu, na kila mara alirudi kwenye tamu. Esdras alimweleza zote kama mwalimu. Alipokwenda kuuza Walikale, alipiga simu.

"Chérie, banasema batafunga barabara. Dimanche nakuja kwa papa yako kukuomba. Akikubali, tunatoka wote kuja huku Walikale."

"Na akikatala?"

"Usiseme vile."

Jumapili alifika Muheto, kijijini kwa binti, na chupa yake ya bei kuliko zote. Kwa wazee wa pale, anayeleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya wote, ijulikane hakuna sumu. Esdras alijaza glasi, akamwekea Papa Faustin, baba ya Uwamwezi, akakaa.

"Onja kwanza," mzee akasema.

"Papa, miye sinywake pombe."

Uwamwezi alimgeukia. "Unasema nini? Si weye ulinifundisha?"

"Nilikuwa nasikiliza wateja tu. Pombe iliua papa yangu. Niliapia mama, hata tone moja."

Wajomba wawili wa Uwamwezi walisimama, mmoja akafunga mlango. Mwezi uliopita walimzika jirani aliyekunywa cha mgeni.

"Muntu wa sumu hakosake maneno," alisema Papa Faustin.

Uwamwezi alikasirika, tena sana. Miezi mitano amedanganywa! Lakini aliwajua wajomba zake, na alijua Esdras hatatoka mle mzima. Akanyakua glasi, akainywa yote na ukali wake.

"Basi, tutangoja," baba yake akasema kwa sauti ndogo.

Wakangoja. Risasi zililia mbali, hakuna aliyegeuka. Wote walimtazama yeye. Jasho lilimtoka, asijue ni divai ama ni hofu.

"Hii chupa uliinunua kwa nani?" akamnong'oneza Esdras. "Wapi?"

"Kwa muntu wa njiani. Simujue."

Wakatazamana. Esdras akajimiminia.

"Na kiapo cha mama?"

"Atanisamehe. Ukianguka, chérie, tuanguke wote."

Akanywa, akakohoa mpaka machozi, akamshika mkono. Walikaa hivyo hadi jua likashuka nyuma ya kilima, na wote wawili walikuwa wazima. Papa Faustin akavuta chupa, akajimiminia mwenyewe, akanywa.

"Kufa pamoja munaweza, nimeona," alisema. "Kesho asubuhi muende Walikale, mukaishi. Ndoa ya kanisa tutafanya siku ya amani."

Uwamwezi alimkumbatia baba yake, hakumwachia upesi. Mzee naye alilia, maana wote wawili walijua huenda wasionane tena.