Shangazi na Mashine ya Nyuzi Nne

Jioni Shangazi alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akajimiminia chai. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Pale kila mtu alimwita Shangazi, hata bosi, maana alianza kushona kabla wengi wao hawajazaliwa.

Mumewe, dereva mstaafu, alimtazama usoni. "Leo vipi?"

"Umekatika tena."

Mzee hakuuliza nini kimekatika. Alijua ni uzi. Kiwandani walikuwa wameleta ovaloki, mashine inayofunga pindo la nguo lisifumuke. Ina nyuzi nne, na kila uzi una zamu yake: kwanza kulabu ya juu, kisha kulabu ya chini, sindano mbili mwisho. Mkono wa Shangazi ulikuwa umezoea cherehani ya kawaida, ukakimbilia sindano kwanza. Akikanyaga tu, tap! Uzi wa chini umekatika. Na bosi alikwisha kusema: atakayeshindwa kuitunga nyuzi mpaka mwisho wa mwezi, hana kazi.

"Ndiyo hivyo, mke wangu," mumewe alitania. "Samaki mkunje angali mbichi. Wewe ushakauka."

Siku nyingine angemjibu mpaka ajute. Leo machozi yalimlengalenga. Mzee akaona ametania pabaya, akainama kutafuta kijiko ambacho hakikuanguka.

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, ameleta sketi iliyoharibika zipu. Yeye ni mtafiti wa ubongo, na kwa kuwa hushinda maabara na panya, mtaa mzima humwita Mama Panya. Wala hakasiriki.

"Karibu. Zipu nitaiweza," Shangazi alisema. "Ovaloki ndiyo imenishinda. Kila jioni nabaki peke yangu natunga, natunga, mpaka uzi mmoja nauona kama nyuzi mbili. Asubuhi sikumbuki kitu. Kichwa kimejaa."

"Kichwa si gunia, Shangazi, hakijai." Mama Panya aliketi. "Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Ndiyo inayosaidia kushika mambo mapya. Ina seli za neva, na seli hizo hupelekeana ishara ndogo za umeme. Seli ikishatuma ishara, hutulia kidogo kabla ya kutuma tena."

"Kama mimi na ngazi," alisema Mzee.

"Hasa! Sasa ukijifunza, baadhi ya seli hubadilika. Kule kutulia kunafupika. Zinakuwa na usingizi mwepesi: gusa mlango tu, zimeamka. Hali hiyo hudumu kwa saa kadhaa, hata siku, halafu hupungua. Ikiwapo, kujifunza zaidi ni rahisi."

"Na sisi tuliokauka?"

"Umri unazipa seli usingizi mzito. Lakini panya wazee nimewaona mwenyewe. Wanahitaji kurudia zaidi, ila wakishajifunza, seli zao huwa nyepesi kama za vijana. Kwa binadamu bado tunachunguza mengi. Lakini kurudia kidogo kidogo na kulala vizuri, hayo yanasaidia. Hilo tunalijua."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Usijiue jioni moja. Tunga mara chache asubuhi, akili ikiwa safi, polepole. Acha. Rudia mchana, na kesho tena. Usiku lala. Ukitunga kwa hasira na uchovu, unauzoesha mkono kosa."

Shangazi alifuata. Siku za mwanzo uzi uliendelea kukatika, naye akamsema Mama Panya moyoni kwa maneno yasiyoandikika. Kisha, asubuhi moja, mkono ulielekea kwenye sindano ukasita wenyewe. Ukaenda kwenye kulabu.

Mwisho wa mwezi bosi alisimama nyuma yake. Alishika uzi wa kwanza. Kulabu ya juu. Kulabu ya chini. Sindano. Akakanyaga. Mashine ilinguruma, pindo likatoka limenyooka mpaka mwisho wa kitambaa.

"Shangazi," bosi alisema, "Jumatatu utawafundisha hawa wengine."

Shangazi alienda chooni, akafunga mlango, akalia kidogo kwa furaha.

Nyumbani Mzee alikuwa mlangoni tangu mchana. "Umekatika?"

"Haujakatika."

Mzee alishusha pumzi ndefu, akakaa palepale kizingitini. Kumbe naye alikuwa na hofu siku zote hizo. "Ama kweli," alisema, "samaki mkavu naye hukunjika."

"Hukunjika, mume wangu. Mloweke tu kidogo kidogo."

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu waliyonunuliwa na binti yao. Mpaka siku hiyo alijua kuipokea tu.

"Basi niloweke na mimi. Nataka kumwandikia mtoto kwamba mama yake amefaulu."

Shangazi akaketi kando yake. "Haya. Herufi chache leo, nyingine kesho."