Sanduku Lililoitwa Mama

Balbu ya Mama ilikuwa imeungua, lakini chumba chake kilikuwa bado na joto la mtu.

Fundi aligundua hayo asubuhi alipofungua sanduku kupangusa vumbi. Balbu ilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni, na buibui alikuwa ameshaizungushia utando. Akaweka kiganja juu ya bati. Vuguvugu. Akadhani ni jua la dirishani, kisha akakumbuka kwamba chumba kile hakipati jua asubuhi.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, haijawahi kulaliwa na mtu. Ilijengwa ili kujaribu programu ya kompyuta, ile inayokadiria nyumba itakula umeme kiasi gani na vyumba vyake vitakuwa na joto gani, kabla hata msingi haujachimbwa. Aliyeitunga ni kaka yake Fundi, ambaye kila mtu alimwita Mhandisi. Ili kujua kama programu inasema kweli, ilibidi nyumba iishi kama nyumba nyingine. Lakini watu hawapimiki. Leo wanafungua madirisha, kesho wanasafiri. Kwa hiyo Fundi akatengeneza masanduku matatu ya bati, kila moja na balbu ya kutoa joto la mwili mmoja na birika dogo la kutoa mvuke badala ya pumzi. Bomba la bafuni lilijifungua lenyewe asubuhi, na taa zikajiwasha jioni. Fundi alikuwa mwanamke wa utani. Akayaita masanduku Baba, Mama na Babu, na kila alipoingia alibisha, "Hodi wenyewe," kisha akamwamkia Babu kwa adabu zote. Mhandisi alicheka mpaka akashika mbavu.

Fundi alikuwa na binti mmoja, ambaye hajafikia umri wa shule, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno yake. Baba wa mtoto aliondoka kabla hajaota meno, na hakukuwa na wa kumwachia. Fundi akipanda darini kufunga nyaya, Chiriku alibaki chini na masanduku. Hilo ndilo lililomchoma Fundi moyoni. Kuna siku alitazama chini kupitia tundu la dari akaona mtoto ameinua uso, akiangalia nyayo za mama yake zilizoning'inia, na akajiuliza kama mwanawe anamjua kwa kitu kingine chochote.

Alipompa kaka yake habari ya balbu, Mhandisi alimwonyesha kompyuta. Palikuwa na mistari miwili: mwekundu wa makadirio ya programu, wa bluu wa vipimo halisi vya nyumba. Ilikuwa imelalana kama nyuzi za kamba moja. Akasema balbu lazima iwe imeungua usiku wa jana tu.

"Kaka," Fundi alisema taratibu, "buibui hatandi kwenye balbu inayowaka."

Mhandisi aliitazama tena mistari ile. Akaamua wazime kila kitu na kuipima nyumba ikiwa tupu kabisa. Fundi akatoa balbu zote na mabirika yote kwa mkono wake, akafunga maji, akashusha swichi kuu, vikabaki vipimajoto vya betri tu. Mstari mwekundu ulishuka, kama inavyopaswa nyumba isiyo na mtu. Wa bluu haukushuka. Ulikaa pale pale juu, na alfajiri, saa ya watu kuoga, ukapanda kidogo.

Siku ya pili mchana waliingia kukagua, Chiriku nyuma yao. Jua lilikuwa kali nje na barabara ilikuwa na kelele za watu, lakini walipofunga mlango kelele zilikatika kama redio iliyozimwa. Kioo cha bafuni kilikuwa na mvuke. Jikoni, ambako hakijawahi kuinjikwa chochote, palinuka maziwa yaliyoungua.

"Nani amepika?" Mhandisi alinong'ona.

Fundi alikuwa anasikiliza kitu kingine. Chiriku hakuwa nyuma yake tena, na kutoka chumba cha Mama ilikuja sauti ya mtoto akizungumza polepole, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka kidogo, akinyamaza tena, na Fundi akaenda kwenye ukumbi ule mfupi akishika ukuta, na ukuta ulikuwa na joto chini ya vidole vyake, joto la shingo ya mtu aliyelala, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya maziwa ilivyozidi, mpaka akafika mlangoni akamwona Chiriku amekaa sakafuni, ameegemea sanduku, macho nusu yamefumbwa kama ya mtoto anayepapaswa kichwa.

"Mama," Chiriku aliliambia sanduku, "yule wa darini akimaliza kazi, atanichukua?"

Na kutoka kwenye sanduku, ambalo Fundi mwenyewe alikuwa amelitoa birika, ukatoka mvuke mwembamba, ukaishia, ukatoka tena, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

Fundi alimnyakua mwanawe akatoka mbio. Uani alimgeuza amkague. Mgongoni, katikati ya mabega, palikuwa na sehemu yenye joto, ukubwa wa kiganja.

Mganga aliyeletwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba na maneno machache. Alizunguka nyumba, akanusa jikoni, akauliza masanduku ni ya nini. Alipoelezwa, alitikisa kichwa. Akasema nyumba tupu si kitu, majini hupita wakaenda zao. Lakini hawa wameifundisha nyumba kuoga, kupumua na kuwasha taa, kisha wakaipigia hodi. Sasa imepata wenyewe.

"Aliyewaita kwa jina ndiye wa kuwakana," akasema. "Nani aliwaita?"

"Mimi," Fundi alisema. "Kwa mzaha."

"Hakuna mwingine? Hasa huyo Mama. Hakuna aliyemwita kwa moyo?"

Mhandisi alimtazama dada yake. Chiriku alikuwa uani, akichora chini kwa kijiti. Neno lilifika hadi kwenye meno ya Fundi. Lakini ni mama gani atakayefungua kinywa aseme kwamba mwanawe, kwa kumkosa, ametafuta mama mwingine akampata?

"Hakuna," alisema.

Mganga akafukiza, akasoma yake, na Fundi akayakana masanduku moja moja: wewe si Baba, ni bati, wewe si Mama, ni bati, wewe si Babu, ni bati. Wakayapondaponda kwa nyundo. Jioni ile nyumba ilipoa, mstari wa bluu ukateremka mpaka ukalala juu ya mwekundu. Mhandisi alishusha pumzi. Programu haikuwa na kosa hata kidogo.

Ila Chiriku aliacha kuongea. Hakununa, alitulia tu, kama mtoto aliyeshiba. Chumba chao cha kupanga kilianza kuwa na fukuto. Fundi alijiambia ni bati la paani. Akaweka kipimajoto kando ya kitanda, kisha akaenda na Chiriku kumpelekea kaka yake vipimo: chumba kimoja, dirisha moja, paa la bati, watu wawili.

Mwekundu ulipita chini, wa bluu juu.

Mhandisi alikagua hesabu upya. Angependa kusema programu imekosea. Hatimaye, kwenye idadi ya watu, alifuta mbili, akaandika tatu, na mistari ikalalana.

Fundi akageuka. Chiriku alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, peke yake, ameinama ubavu kama mtu anayeegemea bega la mwenzake. Fundi akamsogelea, akamnyooshea mkono.

"Twende nyumbani, mwanangu."

Mtoto hakuushika mkono. Kwanza aligeuka akatazama pembeni yake, juu kidogo, kama anayeomba ruhusa.