Uso Uliozama

Mkimwona rafiki yangu, fundi saa, anafanya kazi kaegemeza mgongo ukutani, msimcheke.

Alinunua kwa mjane mmoja sarafu ya wakati wa vita iliyokosewa kiwandani: uso wa askari, badala ya kutokeza, ulizama ndani.

"Usiutoe nje huo uso, baba," mjane alimsihi.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Umeme ulikatika mchana huohuo. Akajifungia stoo na mshumaa, akaikandamiza sarafu kwenye nta ili auone uso vizuri. Ulitoka ukiangalia pembeni. Akarudia: ukamtazama yeye. Akakandamiza mara ya tatu.

Nta ikatoka tupu. Akaigeuza sarafu: nyororo kama kifungo.

Ndipo nyuma yake, ndani ya stoo aliyoifunga mwenyewe, mtu akakohoa.