Kipumulio Kilikuwa Changu

"Mimi sizami na huyu. Bora nizame peke yangu."

Jostein alisema hivyo bila hata kunitazama, huku akijifunga mtungi wa hewa mgongoni. Boti yetu ilikuwa imetulia kando ya visiwa vya Frøya, theluji imefunika mawe mpaka ukingoni. Mwezi wa pili maji huwa maangavu, unaona mpaka chini, ndiyo maana kombe, wale chaza wakubwa wa mchangani, tunawafuata kwenye baridi kali hivi.

"Una shida gani na mimi?" nikamuuliza.

"Shida? Mwaka jana nusura umuue rafiki yangu! Ingunn, mimi nina watoto wawili. Mtu wa kupaniki mita ishirini chini simtaki karibu yangu."

Ragnhild, dada wa mchumba wangu, alikuwa kwenye usukani. Akacheka.

"Mwacheni wifi achemshe kahawa. Kila mtu na kipaji chake."

Nikamgeukia Torgeir, mchumba wangu. Harusi yetu ilikuwa mwezi wa sita. Yeye ndiye aliyeujua ukweli. Mwaka jana, mahali pale pale, aliyepaniki ni yeye. Alininyang'anya kipumulio mdomoni, akanipiga teke la kifua. Nikashika kile cha akiba, nikamkumbatia kwa nguvu, nikampandisha taratibu huku akinikwaruza uso. Tulipofika juu yeye hajitambui, mimi natapika maji. Wenzake wakaamua wenyewe kwamba kosa ni langu. Alipozinduka, hakuwasahihisha.

"Torgeir, sema kitu."

Akainama, akavuta zipu ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

"Mpenzi, leo pumzika tu kwenye boti. Tutakuletea kombe wako."

Lo! Nilihisi kifua kinawaka.

"Nipumzike? Mwaka mzima nimepumzika! Mama yako hajanikaribisha hata kahawa tangu siku ile. Krismasi umekwenda kwenu, mimi nimekula peke yangu. Nilinyamaza kwa sababu uliniomba!"

"Ingunn, tafadhali, si hapa."

"Ni hapa hapa!"

Nikavua glavu, nikatoa simu. Vidole vilikuwa vinauma kwa baridi. Ujumbe ule alinitumia akiwa hospitali, na sikuwahi kuufuta. Nikausoma kwa sauti:

"Umeniokoa, Ingunn. Nilikunyang'anya hewa na bado hukuniacha. Jostein na wenzake wakijua watanicheka maisha yangu yote. Naomba unyamaze kwanza, nitawaambia mwenyewe."

"Lete hiyo simu," Jostein akasema. Akasoma mara mbili. "Torgeir, umeandika wewe?"

Torgeir akaishika tena ile zipu.

"Nakuuliza, umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Mshenzi wewe! Nilimfukuza huyu dada kwenye klabu yetu ya kuzamia, wewe umesimama pembeni yangu!"

Ragnhild alikuwa amebadilika rangi.

"Na mimi nikamwita muuaji mezani, mbele ya mama. Kaka, ulikuwa unakula, ukaendelea kula!"

"Niliogopa," Torgeir akasema kwa sauti ndogo. "Kila siku nilisema nitawaambia kesho."

Jostein akanigeukia, macho chini.

"Ingunn, sijui nianzie wapi..."

"Usianze. Unazama na mimi au huzami?"

"Nazama."

Tukazama. Kombe walikuwa wametapakaa kwenye mchanga, wakubwa kama visahani. Tuliwaokota mpaka nyavu zikajaa, na Jostein hakuniacha hata urefu wa mkono. Tuliporudi juu, Torgeir alininyooshea mkono anivute. Nikampa wavu. Mkono nikampa Ragnhild.

Gatini akanifuata mbio.

"Ingunn, na harusi yetu?"

"Harusi ya nani na nani?"

Kesho yake mchana simu ikalia. Ni yeye.

"Nimemwambia mama kila kitu."

"Akasemaje?"

"Amenifukuza. Analia, anataka kuja kukuomba radhi."

Nisiwadanganye, bado nilimpenda.

"Mwambie mama aje. Mlango uko wazi."

"Na mimi je?"

"Chini ya maji ulikuwa umepagawa, Torgeir, nilikusamehe siku ile ile. Ila mwaka huu mzima ulikuwa na akili zako timamu. Usije."

Nikakata simu. Nililia, tena sana. Kisha nikavua pete, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina lake juu.