Ukelele wa Kabatini

Rafiki yangu mmoja, fundi wa sauti, aliitwa kurekodi filamu ya kutisha, zile za kuungaunga. Mwongozaji hakuwa na mwigizaji, akamchukua shemeji yake, mdogo wa mkewe, binti anayeogopa giza kama kifo, akamfungia kabatini.

"Shemeji, nifungulie, nakufa!"

Mwongozaji akajitia hamnazo. "Lia, mama, lia! Watu wanapenda vya kweli."

Ukelele ukamchoma fundi masikioni hadi akavua hedifoni, akavunja komeo, akamtoa binti. Alikuwa baridi, kauma midomo.

"Umeniharibia!" mwongozaji akafoka, akaubamiza mlango wa kabati.

Binti akiwa bado mikononi mwa fundi, amefumba mdomo, ndani ya kabati tupu sauti yake ikaendelea kulia, sasa ikimwita dada yake.